Nta kwenye Boti ya Nahodha

Siku ya kumzika Nahodha watu walizungumza juu ya samaki. Walitaja mizigo aliyoileta ufukweni hadi boti ikakaribia kunywa maji, wakataja tufani alizozikata akiimba. Mkewe aliitikia kwa kichwa na kuwashukuru mmoja mmoja, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye samaki. Yeye alikuwa anaikumbuka nta. Alikumbuka wiki ile ya mwaka uliotangulia, mume wake alipomfundisha kung'arisha boti akiwa kitandani, kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto na maneno ambayo ukiyakusanya yote hayajazi kiganja.

Wiki ile ilianza na shemeji yake, mdogo wake Nahodha, kuingia ndani asubuhi bila hodi. Mke wa Nahodha alikuwa kwenye cherehani, anapindia sare za shule. Hakuinua uso.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka. Lakini wewe ukija bila hodi najua umebeba jambo. Litue."

Shemeji alivuta kigoda, akakaa, akasimama tena. "Nimepata mtu wa kununua boti."

Mguu wa mke wa Nahodha ulisita kwenye kanyagio la cherehani. Alitupa jicho kwenye pazia la chumbani. "Sema taratibu. Ule si ukuta, ni kitambaa."

"Kaka hajali tena, shemeji."

"Nani kakwambia?"

"Ameuliza lini? Miezi yote hii hajaiuliza boti hata mara moja. Hata mlangoni hatoki. Watu wakija kumjulia hali anawageuzia mgongo."

Hilo lilikuwa kweli. Kiharusi kilimpiga Nahodha upande wa kulia, kikaondoka na mkono, nusu ya mguu na sehemu kubwa ya ulimi. Kwa mkewe alizungumza, neno moja, kisha pumzi, kisha jingine. Kwa wengine hakufungua kinywa. Jirani mmoja mwenye nia njema alikuja kumwona siku za mwanzo, na kila Nahodha alipoanza neno, jirani alimmalizia, tena kwa sauti kubwa kama anayezungumza na kiziwi. "Maji? Unataka maji? Mto? Choo?" Nahodha alikuwa anajaribu kusema karibu. Tangu siku hiyo alifunga duka la maneno.

"Na huyo mnunuzi ni nani?"

"Mwenye mchanga. Anataka chombo cha kuvusha mchanga wa ujenzi."

"Mchanga! Boti ya Nahodha ibebe mchanga?"

"Mchanga haunuki shombo, shemeji."

"Usinitanie, sijanywa hata chai."

"Sikutanii. Umeiona siku hizi? Imepauka. Ukiiegemea unaondoka na unga mgongoni, utadhani umetoka mashine ya kusaga. Mwenzako nina watoto. Yule bwana yuko tayari kuichukua hivyo hivyo ilivyo, na nusu ya fedha ni ya kwenu hapa, dawa za kaka zipatikane. Anakuja Jumamosi."

Mke wa Nahodha alikata uzi kwa meno. Shemeji ndiye aliyeingia majini, yeye hakuwahi kushika hata kamba. Lakini aliijua siku ambayo boti ile ilinunuliwa, na alijua kwamba mtu aliyelala nyuma ya pazia hakuacha kuuliza kwa sababu hajali. Mtu haulizi habari za mtoto ambaye anaogopa kuambiwa amekufa.

"Basi hadi Jumamosi niachie mimi," alisema. "Nataka kuing'arisha."

"Ili iweje?"

"Bibi arusi hatolewi na tongotongo."

Shemeji alicheka, kicheko cha mtu aliyepata nafuu. "Haya. Na ikipendeza, bei itapanda."

Hilo mke wa Nahodha hakuwa amelifikiria. Alichofikiria ni kwamba boti iking'aa, Nahodha ataamka aende kuitazama, na akishaenda, hakuna mwenye uso wa kuiuza mbele yake. Sasa aliona kwamba kazi hiyo hiyo ya kuiokoa ndiyo ingemfurahisha mnunuzi. Aliinamia sare zake. Angefanya hivyo hivyo. Hakuwa na njia nyingine.

*

Duka la rangi lilikuwa na rafu nzima ya makopo ya kung'arisha, na kila kopo lilikuwa na picha ya gari. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni, alimwacha asimame hadi wanaume wawili waliokuja nyuma yake wakahudumiwa.

"Mama, nikusaidie nini? Rangi ya kucha hatuna."

Wale wawili walicheka. Yeye pia alicheka, maana alikuwa na shida.

"Nataka nta ya boti, mwanangu."

"Boti? Mwambie mzee aje mwenyewe. Hivi vitu vina utaalamu."

"Mzee amenituma mimi. Amesema nisinunue, kwanza nimpelekee aonje."

"Aonje?"

"Aonje. Kwani wewe kitambaa cha suruali unanunua bila kukishika?"

Mmoja wa wale wanaume alisema, "Hapo mama kakushona." Kijana aliona haya kidogo, na haya ilimfanya awe mwema. Alimtolea vitu kimoja kimoja. Kulikuwa na mafuta ya kupuliza, ambayo yanang'arisha papo hapo. Kulikuwa na nta laini ya chupa, ya kupaka na kufuta. Kulikuwa na nta ngumu ya kopo, nzito kama samli iliyoganda, iliyohitaji misuli. Na kulikuwa na dawa ya kisasa ya chupa ndogo, ambayo kijana aliisifia hadi akaishiwa pumzi, kwamba inashikana na faiba ya boti kama ngozi ya pili na jua haliipenyi. Bei yake ilimfanya mke wa Nahodha airudishe kaunta kwa mikono miwili, kama mtoto wa watu.

"Nitilie kidogo kidogo," alisema, akatoa vizibo vya soda kwenye mkoba. "Na hiyo ya kifalme pia, tone tu. Mgonjwa hanyimwi kuonja."

*

Nahodha alikuwa amelala anautazama ukuta. Mkewe alipanga vizibo kwenye sinia, akaweka kando kipande cha faiba kilichopauka alichokiokota chini ya boti, na vitambaa vyeusi alivyokata kwenye mabaki ya sare.

"Nahodha." Hata yeye alimwita hivyo, kwa utani wa tangu ujana. "Nina kazi yako."

Hakugeuka.

"Shemeji anataka kuiuza boti. Najua umesikia, masikio yako hayakupigwa. Mimi nataka kuing'arisha kwanza. Nimeleta nta, sijui ipi ni ipi. Usiponisaidia nitaipaka mafuta ya nazi."

Bega lilitikisika. Alidhani analia, kumbe anacheka. Aligeuka, kazi ndefu, na mkewe alimwacha ageuke mwenyewe. Nahodha aliutazama kwanza mstari wa vizibo, kisha kile kipande cha faiba. Alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakisugua kwenye kitambaa cheusi, akatazama unga mweupe uliobaki. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyefunua kidonda cha mwanawe.

"Ji... vu," alisema.

"Ndiyo. Imekuwa jivu tupu."

Alianza na mafuta ya kupuliza. Faiba iling'aa mara moja, mkewe akapiga vigelegele vidogo. Nahodha alitikisa kichwa, akakuna kwa ukucha. Unga ulikuwa bado upo chini, umelowa tu.

"Ina... ficha."

"Kama poda juu ya jasho."

Alikubali kwa macho. Alisukuma kizibo kile hadi ukingoni mwa sinia. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali palipopasuka kwenye kipande, akajaribu kusema kitu kirefu, akashindwa, akafumba macho. Mkewe alijua maneno yale yanataka kutoka na alikuwa na dazeni ya maneno ya kumpa. Aliyabana nyuma ya meno. Alichukua sindano akatunga uzi, ili mikono yake iwe na shughuli.

"Ukiziba... ufa," Nahodha alisema mwishowe, "hai... shiki."

Aha. Mafuta yale yakishaingia, siku boti ikihitaji kiraka, kiraka hakitashika. Alisema kwa sauti alivyoelewa, na Nahodha akampiga kofi dogo la mkono, kofi la mwalimu aliyeridhika.

Dawa ya kifalme aliinusa, akaitazama kwa muda, akainua nyusi kwa heshima. Kisha akasugua kidole gumba na cha shahada, ishara ya fedha, akageuza kiganja juu, kitupu. Walicheka wote wawili. Nta laini ya chupa aliipaka, akaifuta, akadondosha maji juu yake. Matone yalikaa kidogo kisha yakatambaa. Mwisho alichukua ile ngumu ya kopo. Aliiponda kwa kidole gumba hadi ikalainika kwa joto la ngozi, akaipaka kwa viduara, akaiacha. Alimzuia mkono mkewe aliyetaka kufuta upesi. Wakangoja. Nta ilipofanya ukungu, alimpa kitambaa. Mkewe akafuta, na pale chini pakatokea rangi ya bluu ambayo alikuwa ameisahau. Nahodha alidondosha maji. Tone likakaa wima kama jicho.

"Hii," alisema, bila kukwama.

Jioni ile alimpa mafunzo yote. Kuosha kwanza. Msasa laini na maji. Dawa ya kusugulia, hadi kitambaa cheusi kitoke cheusi. Ndipo nta, kipande kwa kipande, kivulini, kwa sababu juani inakauka kama gundi. "Mba... vu," alisema, akichora hewani ubavu wa boti kuanzia pua hadi mkia, mkono ukipita polepole. "Mbavu... zote." Mkewe aliufuata ule mkono kwa macho. Tangu hospitali hakuwa amemwona akiunyoosha hivyo.

*

Shemeji alimsaidia kutandika turubai la kivuli juu ya boti, pale ilipolazwa kwenye magogo. Alisugua naye kwa msasa, akabeba maji ndoo baada ya ndoo. Alifanya yote, ila hakuingia ndani ya boti. Kila palipohitaji mtu wa ndani alisema, "Panda wewe shemeji, wewe mwepesi." Yeye, mwenye kiuno cha kuzaa mara nne.

"Mimi mwepesi?" alimwuliza mwishowe. "Macho yako yanahitaji msasa pia."

Shemeji hakucheka. Aliendelea kusugua mahali ambapo palikuwa tayari pamekwisha.

"Ulishaingia majini mara ngapi tangu kaka yako augue?"

"Naingia."

"Na boti hii?"

"Ya kuazima. Naingia na ya watu, nawapa fungu lao." Alitupa kitambaa ndani ya ndoo. "Alianguka pale, shemeji. Pale mbele, karibu na sanduku la nyavu. Alikuwa ananiambia nivute kamba, maneno yakageuka matope. Nilidhani anatania. Niliendelea kuvuta. Nilicheka, unasikia? Nilicheka, kisha nikageuka nikamwona. Nikamleta hadi nchi kavu amelala pale, nakanyaga hivi, nakanyaga vile, nisimkanyage. Kila nikiingia humu miguu yangu inamkwepa."

Mke wa Nahodha alishikilia ukingo wa boti. Tangu aliposikia habari za mnunuzi alidhani shemeji anataka fedha tu, na moyoni alikuwa amemwita majina.

"Umemwambia yeye?"

"Nimwambie kwamba nilicheka?"

Alimpa kitambaa kikavu. Walisugua hadi ubavu mmoja ukaanza kurudisha sura zao, nyuso mbili zilizochoka, zimepinda kidogo kwenye bluu.

Ijumaa shemeji aliondoka mapema kwenda kuthibitisha na mwenye mchanga. Mbavu zote zilikuwa zimekwisha, pua inang'aa, mkia unang'aa. Kwenye kopo ilibaki nta. Mke wa Nahodha aliitazama sakafu ya boti, ya kijivu, yenye vipelevipele vya faiba, imekaa kama mkeka mchafu katika nyumba iliyopakwa rangi. Alikumbuka mahali shemeji alipopaonyesha. Akaona si haki mahali hapo pabaki hivyo.

Alipanda, akapiga magoti. Kama kuna kazi aliyoijua duniani baada ya kushona, ni sakafu. Saruji ya nyumba yake ilikuwa maarufu mtaani, watoto wa jirani walikuja kujitazama meno. Alizama na nta kwenye kila kipele, akaanzia pale mbele karibu na sanduku la nyavu, akarudi nyuma kinyumenyume kama afanyavyo mama yeyote asiyetaka kukanyaga kazi yake. Pale mbele alipaka mara mbili. Sakafu ilimeremeta kama imelowa.

*

Jumamosi alimwambia, "Njoo uikague."

Nahodha aliutazama ukuta.

"Sijui kama nimeifanya sawa. Kuna mahali naona kama nta imebaki na ukungu. Mimi fundi cherehani, sijui."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Kisha sauti ilisema, "Wapi... pana... ukungu?"

"Siwezi kueleza. Ni hadi uone."

Huo ukungu haukuwapo. Mungu anasamehe.

"Shati," alisema Nahodha.

Alimnyoa, akamvalisha shati jeupe, mkono wa kulia kwanza. Hadi ufukweni asingefika kwa fimbo. Shemeji alileta mkokoteni wa kubebea samaki, ameuosha, ameutandika mto. Nahodha aliutazama mkokoteni ule kwa muda. Alikuwa ameujaza mara nyingi kuliko nywele zake, na hakuwahi kuupanda. Mkewe alikuwa tayari kusema basi, tuache. Lakini Nahodha alikalia mto, akaiweka fimbo mapajani kama kasia.

Njiani watu walisimama. Wengine walisalimia kwa sauti ya msibani. Wengine walijifanya hawajaona, na hao ndio walioumiza zaidi. Wapagazi walikuwa wamekaa kwenye kona wanangoja mizigo, na mmoja wao, mdomo mpana tangu kuzaliwa, alipaza sauti, "Hee! Huyo mkubwa mmemvua wapi? Mnauza kwa kipande au mzima mzima?"

Shemeji aliganda. Mke wa Nahodha aligeuka na tusi limekwisha kuiva mdomoni. Lakini mtu wa mkokotenini aliinua fimbo, akaielekeza kwa mpagazi yule kama anayelenga chusa, na pembe ya kushoto ya mdomo wake ikapanda. Kona nzima ikalipuka. "Nahodha! Nahodha karudi!"

*

Mwenye mchanga alikuwa amefika, mtu mnene mwenye viatu vya ngozi na tabasamu la kweli. Alikuwa amekwisha kuizunguka boti mara kadhaa. "Loo, bwana, uliniambia imechoka! Hii imechoka? Hii inaweza kuolewa tena!" Alipomwona Nahodha aliinama hadi usoni pake. "MZEE! HUJAMBO? UNAENDELEAJE?"

Nahodha alimpita kwa macho, akaenda kwenye boti. Fimbo, mguu, kisha ule mwingine ukiburutwa. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye ubavu, akatembea nacho kuanzia pua, polepole, kama anayemtambua mtu gizani. Mkewe alimfuata pembeni. Mahali fulani alisimama, akapumulia juu ya bluu, akafuta kwa mkono wa shati jeupe, akamtazama mkewe. Mkewe alijishika kifua kwa mkono wenye harufu ya nta, akageuka kidogo asionekane.

"Basi tuione na ndani," alisema mwenye mchanga, akasogeza kreti, akaweka mguu mmoja juu yake. Nahodha alikuwa amefika ukingoni. Alitazama ndani. Mkewe alimwona akikaza macho kwenye sakafu, akangoja zile nyusi zipande kwa furaha. Badala yake fimbo ilipaa hewani, ikatua kifuani mwa mwenye mchanga, ikamzuia.

"Kaka!" Shemeji alimkimbilia. "Kaka, tafadhali. Bwana amekuja kwa heshima."

"Mwache, mwache," alisema mwenye mchanga, amepoa usoni. "Naelewa, ni jasho lake. MZEE, NITAITUNZA! USIWE NA WASIWASI!" Akaishusha fimbo taratibu, akainua mguu wa pili.

Fimbo ikarudi. Watu walikuwa wamekusanyika sasa, wapagazi, wauza samaki, wote wanaona Nahodha na mnunuzi wanavutana, mmoja kwa tabasamu, mwingine kwa mkono mmoja. Jasho lilimtoka Nahodha. Kinywa chake kikafunguka mbele ya watu wote.

"Pa..."

Watu walisogea karibu.

"Pa... na..."

"Panatosha?" alisema mtu nyuma. "Panauma?" alisema mwingine.

"Pa... na... te..."

Mkewe alilijua neno. Nyumbani kwake, tangu siku fimbo ilipoingia ndani, hakuipaka nta sakafu hata mara moja, aliisugua kwa majivu hadi ikafa rangi, ili asije akaanguka. Na huku, mahali wanaume wanaposimama na miguu yenye maji, juu ya mawimbi, alikuwa amepaka mara mbili. Angeweza kulisema neno lile kwa sauti na kumpumzisha. Kila mtu alimtazama yeye, mkalimani. Aliuma mdomo wake hadi akahisi chumvi, akamtazama mumewe tu, akangoja.

"...leza," alisema Nahodha. Alivuta pumzi. Akalisema tena, zima. "Panateleza."

Mwenye mchanga alishuka kwenye kreti, akanyoosha mkono ndani, akapitisha kiganja sakafuni. Kiganja kikaenda kama kimesukumwa. "Mama yangu wee! Kwa viatu hivi? Ningewaachia kiuno changu humu! Nani kapaka nta sakafu?"

"Mimi," alisema mke wa Nahodha. "Nilipaka kwa mapenzi."

"Mapenzi yako yanavunja watu, mama!"

Ufukwe wote ulicheka, na yeye aliinamisha kichwa, uso unawaka. Akahisi kitu kinamgusa mkono. Ilikuwa fimbo. Nahodha alikuwa anampa aishike.

"Brashi," alisema. "Sabuni... ya unga."

Brashi mbili na sabuni zilipoletwa, shemeji alimbeba akamwingiza ndani ya boti, akiinama juu ya ukingo kadiri alivyoweza bila kuingia. Nahodha aliteremka kwa tako, akajiburuta hadi mbele, karibu na sanduku la nyavu, akapiga goti moja. Akaanza kusugua kwa mkono wa kushoto. Povu likapanda, nta ikaanza kuachia vile vipele. Alisugua kipande, akajaribu kwa kitako cha kiganja, akasugua tena. Shati jeupe likalowa. Kisha akainua kichwa akamtazama mdogo wake aliyesimama nje, mikono kwenye ukingo. Akapiga sakafu kando yake, mara moja.

"Hapa."

"Kaka, acha nikuletee mto..."

"Hapa."

Shemeji alivua ndala. Alipanda, akasimama, akatazama chini kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Kisha akapiga magoti, bega kwa bega na kaka yake. Alisema kitu kwa sauti ya chini. Mke wa Nahodha alisikia neno moja tu, nilicheka. Nahodha hakuacha kusugua.

"Na... jua," alisema. "Nilisi... kia." Akasugua. "Mimi pia... ninge... cheka."

Shemeji alifunika uso kwa mkono wenye povu, sabuni ikamwingia machoni, akatukana, akalia, akacheka, vyote kwa pamoja. Nahodha alimsukumia brashi ya pili.

Mwenye mchanga alingoja kwa adabu. Alitazama saa. Mwishowe alisogea ukingoni. "Jamani, nije lini basi?"

Shemeji alimtazama kaka yake. Nahodha alisema, "Wewe... ndiye... unaye... ingia. Sema wewe."

Shemeji alifuta macho kwa bega. "Kaka, peke yangu siwezi."

"Mimi... nitakaa... pale." Alielekeza kwa brashi, nchi kavu, mbele ya watu wote. "Kila... siku. Nita... kuona."

"Kila siku? Na nani atakusukuma?"

"Wale." Wapagazi. Yule wa mdomo mpana aliitikia, "Samaki wa bei hiyo tunasukuma bure!"

Shemeji alikaa juu ya visigino vyake, akamgeukia mnunuzi. "Bwana wangu, nimekupotezea Jumamosi. Nisamehe. Haiuzwi."

"Nilijua tangu ile fimbo," alisema mwenye mchanga. Aliitazama bluu ile mara moja zaidi, akafuta alama ya kidole chake mwenyewe kwenye ubavu, akaenda zake.

Ndugu wale wawili walirudi kwenye sakafu. Jua lilipanda, turubai likasogezwa. Waligombana juu ya maji, mmoja akisema yametosha, mwingine akitikisa kichwa. Neno la Nahodha lilichelewa na shemeji alilingoja, kisha akalijibu, kisha akangoja jingine. Watu walitawanyika. Hakuna aliyemwita mke wa Nahodha amwulizie mgonjwa anasemaje, wala aliyemwomba leso, wala dawa, wala tafsiri. Alikuwa amesimama na fimbo mkononi. Alitafuta ndoo, akaipindua, akakaa. Walikuwa wamemsahau kabisa. Alikunja miguu yake iliyochoka, akainua uso kuelekea upepo, akakaa pale, hana kazi.